Joho Lililosimama Lenyewe

Mzee Damdin alitangaza kwamba sikukuu ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wa kwao, ingemkuta kitandani, na kwamba wageni waambiwe anaumwa. Aliyasema hayo akiwa ameketi wima, bakuli la chai ya chumvi mkononi, na siku hiyo hakuwa anaumwa kitu. Kwamba aliwahi kuumwa, hilo hakuna wa kulibisha. Kabla ya theluji ya kwanza madaktari walimpasua tumbo wakatoa walichotoa, akarudi kwa bintiye Hongorzul, vilimani nyuma ya mji wa Arvaiheer, akiwa amepona na amekwisha.

Na lazima ijulikane alikuwa nani kabla ya kwisha. Alikuwa mchunga farasi na mpiga mieleka wa wilaya nzima, mtu mwenye kifua ambacho watoto wa jirani walikuwa wakikigonga kwa ngumi ili wasikie kinavyolia. Sasa joho lake la zamani lilimning'inia kama limesahauliwa msumarini, na mshipi ulimzunguka mara nyingi kuliko alivyopenda kuona.

"Sitaki kuangaliwa," alimwambia binti yake. "Watu watakuja kumsalimia Damdin. Watamkuta nani?"

"Watakukuta wewe, baba."

"Mimi yupi?"

Hongorzul akaongeza makaa jikoni ingawa jiko lilikuwa linawaka vizuri. Hospitalini, daktari alikuwa amemvuta pembeni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Mwezi Mweupe wa mwaka huu waufanye mzuri. Hakusema zaidi ya hapo, na Hongorzul hakuuliza. Siri hiyo hakumwambia mtu, hata mumewe aliyekuwa safarini kusini na lori la makaa ya mawe, sembuse baba yake. Alitaka kitu kimoja tu kwa moyo wake wote: mzee aketi mahali pake siku ile, upande wa kaskazini wa hema lao, pale pa heshima, watu waingie wamshike mikono na kumtakia heri kama kila mwaka. Wakimkosa mwaka huu, huenda wasimpate tena.

Hongorzul alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kando ya mlango, na kutwa nzima ilikuwa inamlalamikia sare za shule na majoho ya sikukuu ya wanawake wa mjini. Wenye kazi hiyo wana ugonjwa wao: hawaamini kama kuna jambo chini ya jua lisilorekebishika kwa sindano. Kwa hiyo aliamua kumshonea baba yake joho jipya.

Alinunua sufu nzito ya kahawia, ile ambayo hata upepo wa Januari unaigonga mlangoni na kurudi ulikotoka. Bitana ilikuwa ya ngozi laini za wanakondoo, ambazo baba mwenyewe alizitunza sandukuni tangu mkewe yuko hai. Halafu akanunua kitambaa cha gundi, bunda zima, kinene kuliko vyote vilivyokuwa sokoni: kile cheupe chenye punje za gundi upande mmoja, ambacho ukikilaza nyuma ya nguo na kukikandamiza kwa pasi ya moto kinang'ang'ania hapo, na nguo inasimama. Kitambaa hicho alikijua kama anavyoujua mkono wake. Wasichana wa mjini walitaka majoho yao yakazwe kutoka shingoni hadi nyongani, yawachonge viuno hata wasiokuwa navyo, na Hongorzul alikuwa akiwachongea.

Kumpima baba yake, hakumpima. Alijiambia kwamba mzee amelala, asimsumbue. Akalitandaza joho la zamani juu ya meza, lile la enzi za mieleka, akalizungushia chaki na kukata sufu mpya kwa kulifuata. Joho jipya lingempwaya, alijua. Basi kazi ya kitambaa cha gundi ndiyo hiyo: angekiweka kifuani, mabegani na mgongoni, tabaka mbili, ili pale ambapo mwili umepungua nguo ijishikilie yenyewe.

Kazi aliifanya vizuri, tusimwonee. Alijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, akaona joto gani linatosha kuyeyusha gundi bila kuibabua sufu. Alitandika juu kitambaa chenye unyevu, akaikandamiza pasi, akainyanyua, akaisogeza mbele, akaikandamiza tena. Hakuiburuta hata mara moja, maana ukiiburuta kitambaa kinakunjamana na mkunjo huo hautoki. Kila kipande alikiacha kipoe palepale mezani kabla ya kukigusa. Fundi yeyote angemsifu.

"Unapika nini?" baba yake aliuliza kutoka kitandani.

"Sipiki, baba. Napiga pasi."

"Panatoka harufu ya kwato zilizoungua."

"Ni gundi hiyo."

"Mama yako kola alikuwa anazipaka uji wa unga. Ukikauka, kola ngumu. Na harufu hakuna."

"Na panya walikuwa wanazila."

"Acha wale. Na wao wana sikukuu."

Hongorzul alicheka. Mzee alijiinua kwa kiwiko akamtazama akilaza kipande kikubwa cheupe juu ya upande wa kifuani. Alifungua mdomo kama mtu mwenye neno, akaufunga, akarudi kulala. Hongorzul aliona, lakini alikuwa na haraka na pasi ilikuwa imeshika moto.

Joho likaisha, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya sikukuu. Akamvisha, akamfunga vifungo vya shingoni na vya ubavuni, akamgeuza kwenye kioo cha kabati. Na humo kiooni alikuwa amesimama Damdin wa zamani: mabega mapana, kifua kimetangulia mbele, sufu imetulia bila kasoro. Mzee alijitazama kwa muda, kisha akacheka kicheko ambacho bintiye hakuwa amekisikia tangu hospitali.

"Huyu namjua," akasema. "Ana deni na mimi huyu, la mbuzi mmoja."

Hongorzul alitaka kulia kwa furaha. Alimpa mshipi wa hariri, mzee akaufunga chini kabisa nyongani kama wafungavyo wanaume, kisha akashika joho kifuani ili alivute juu ya mshipi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Joho la mwanamume wa kule linavutwa juu hivyo ili lianguke laini na kufanya mfuko mbele ya kifua, na mfuko huo ndio kabati lake. Bakuli linakaa humo, na kisu, na peremende za wajukuu, na majira ya baridi hata mwanakondoo aliyezaliwa njiani. Zaidi ya yote, inakaa humo chupa ya ugoro, ambayo wanaume wawili hawawezi kusema wamesalimiana mpaka wamebadilishana. Lakini kifua cha joho hili kilikuwa ubao. Mzee alilivuta, likarudi. Akalivuta tena, likachomoza mbele kama kibaraza, halafu likarudi tena. Alijaribu kuipenyeza chupa yake humo hivyohivyo, ikateleza ikaanguka kwenye zulia.

Waliinama wote wawili kuiokota. Haikuvunjika.

"Nitaishika mkononi," mzee akasema. "Joho limenikaa vizuri, mwanangu. Asante."

Afadhali angemgombeza. Aliketi kwenye kigoda ili aonyeshe jinsi lilivyomkaa, naye alipoketi joho halikuketi. Lilibaki limesimama, mabega yakampanda masikioni, kichwa kikazama katikati. Na wakati huohuo mlango ukafunguliwa, shangazi Dulmaa akaingia na baridi yake na gunia la buuzi, vile vifuko vya unga vyenye nyama ndani, zilizoganda tayari kwa kupikwa kwa mvuke. Dulmaa alikuwa mdogo wake Damdin, mtu mwema sana, ila mdomo wake haukuwahi kumngoja.

"Damdin!" akaita. "Uko humo ndani?" Akamgonga kifuani kwa kidole, kifua kikalia ko ko. "Toka nje basi nikusalimu!"

Alicheka peke yake. Alipoona nyuso zao akanyamaza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mzee alifungua vifungo taratibu, akavua joho, akaliweka kitandani. Halikulala. Lilibaki limejisimamia pale juu ya blanketi, limevimbisha kifua kana kwamba kuna mtu ndani yake, na wote watatu wakawa wanalitazama.

"Mwekeni huyo basi upande wa kaskazini," mzee akasema. "Wageni wamsalimie yeye."

Akapanda kitandani akageukia ukutani.

Dulmaa alimvuta Hongorzul nje, wakasimama kando ya lundo la makaa ya mawe, pumzi zao zikiwatoka nyeupe.

"Nani alikudanganya kwamba kifua cha joho la kiume kinawekwa gundi?"

"Hakuna, shangazi. Nilitaka aonekane kama zamani."

"Alikuomba?"

"Alisema hataki kuangaliwa."

"Na wewe unamwangalia?"

"Namwangalia kila siku! Nani anampikia, nani anambadilisha shuka?"

"Nimeuliza kumwangalia, sijauliza shuka. Ulimpima?"

Hongorzul alisukuma donge la makaa kwa kiatu.

"Hukumpima," Dulmaa akasema. "Yale mabega nayajua, ni ya joho la zamani. Mtoto wa kike unapima watu mji mzima, kumpima baba yako kukakushinda. Kuzungusha futi kifuani mwake umeogopa, ukaona afadhali umjengee ukuta."

Hongorzul alitaka kukasirika, akakuta hasira hana. Ni kweli alikuwa ameogopa. Hata alipomsugua mgongo kwenye beseni alikuwa akiangalia pembeni, mkono unafanya kazi na macho yako kwenye birika. Aliogopa ile tarakimu ambayo futi ingemwambia, kwa sababu futi haisemi kwa sauti ya chini kama daktari. Na alikuwa ameona haya, lazima tuseme, haya ya mtoto aliyejivunia baba mkubwa akaletewa mdogo. Mzee alikuwa amekonda, lakini aliyetaka kukonda huko kufichwe hakuwa mzee peke yake.

"Nimemfanyia nini, shangazi?"

"Umemshonea joho baya. Watu wamefanya makubwa kuliko hayo. Twende tukafumue, huku nje tutaganda."

Wakaingia, wakafumua. Bitana ilitoka kwa urahisi. Kitambaa cha gundi ndicho kilichowatoa jasho, maana kile kitu kimetengenezwa kisiachane na mwenzake. Hongorzul alikipasha kwa pasi na mvuke, Dulmaa akakivuta kingali moto huku akipuliza vidole na kukitukana. Pengine kilibanduka kizima, pengine kilichanika na kuacha mabaka meupe kwenye sufu, na mabaka hayo hayakutoka wala hayangetoka. Ilibidi kukubali yabaki ndani, chini ya bitana.

Kisha Hongorzul akachukua futi, akaenda kitandani.

"Baba, amka nikupime."

"Ulishapima," mzee akaujibu ukuta.

"Nilipima joho. Wewe sikukupima."

Mzee alivuta blanketi mabegani. Kisha akageuka, akamtazama binti yake usoni, akaanza kujiinua. Alivua shati mwenyewe. Hongorzul alimzungushia mikono ili aipitishe futi mgongoni, na safari hii hakuangalia birika. Aliangalia kovu, aliangalia mbavu, aliangalia ngozi ya mikono iliyobaki na kipimo cha zamani wakati nyama imeondoka. Kumkumbatia kulikuwa rahisi. Hapo zamani mikono yake haikukutana mgongoni mwa baba, na sasa ilifika ikapishana.

"Soma," mzee akasema.

"Baba..."

"Soma kwa sauti. Kifua ni changu."

Akasoma. Dulmaa akaiandika tarakimu ile kwa chaki kwenye ukingo wa meza bila kutia neno lolote, jambo ambalo kwa Dulmaa si dogo.

"Kifua hicho nilikuwa nacho kabla sijaota ndevu," mzee akasema. "Na mtu mzima nilimwangusha nacho. Haya, kata hivyohivyo."

"Uliniona nikiweka kile kitambaa, baba. Ulijua kwamba si pake."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi," mzee akasema, akavaa shati lake.

Hongorzul alikata upya. Aliondoa mabegani, akaondoa ubavuni, akaondoa mgongoni, na vipande vya sufu nzuri vikaanguka chini ya meza. Kitambaa cha gundi, chembamba safari hii, alikiweka pale tu palipokihitaji: kwenye kola, ili isimame bila kumkaba, na kwenye ukingo wa upande unaopishana, unaoshuka kutoka shingoni hadi kwapani, ambako vifungo huvuta na nguo isiyokazwa hulegea upesi. Kifua akakiacha sufu na ngozi tu. Aliposhona bitana na kulinyoosha, alikuwa ameshika joho la mtu mdogo, na moyo ulimuuma kuliona, ukamuuma wazi bila kujidanganya.

Mzee alilivaa, akafunga mshipi chini, akavuta. Joho likaanguka laini juu ya mshipi, mfuko ukajitengeneza wenyewe, chupa ya ugoro ikaingia na kutulia. Kiooni hakwenda.

"Utakaa na wageni, baba?"

"Tutaona," akasema.

Asubuhi ya sikukuu Hongorzul alitoka kumwaga chai ya kwanza kwa mbingu na dunia, akarudi ndani amejifunga moyo kwa lolote. Baba yake alikuwa ameshaketi upande wa kaskazini, kofia kichwani, mikono magotini, mdogo na nadhifu. Alimnyooshea mikono. Hongorzul akapitisha yake chini, kiganja juu, akamshika viwiko kama mtoto anavyomshika mzazi siku ile, akamuuliza kama ana amani, naye akamnusa shavu moja na jingine, kama wafanyavyo kwao badala ya busu, akasema ana amani.

Wageni wakaja, wakala buuzi, wakasifu mkia wa kondoo ulionona uliowekwa mezani. Kila aliyeingia alimwangalia mzee kidogo, kisha akaiangalia sahani kwa muda mrefu. Hakuna aliyegusia hali yake mpaka alipoinama mlangoni Gombosuren, hasimu wake wa zamani wa mieleka na rafiki yake mkubwa, mzee mkongwe kuliko wote, bado mpana kama mlango wenyewe. Alisimama wima, akamtazama.

"Damdin," akasema, "umekonda."

Hongorzul alisimama na kata ya chai hewani.

"Nimekonda," mzee akajibu. "Karibu ndani, unaingiza baridi."

Gombosuren akaja, akamshika viwiko kwa uangalifu, akiogopa kumuumiza.

"Nishike bwana! Enzi zile ulinikaba mpaka macho yakanitoka, na bado hukuniangusha."

Watu wakacheka, na Gombosuren akamshika sawasawa. Wakabadilishana chupa za ugoro. Kisha mgeni akaona kwamba joho ni jipya, na nguo mpya kwao haiachwi bila kuombewa: aliye mkubwa kwa umri huishika pindo akaitakia ichakae iishe, na mwenyewe abaki. Gombosuren alishika pindo, akaanza kwa sauti yake ya uwanjani. Alitamka kwamba sufu ichakae, kwamba nyuzi zikatike. Hapo akakwama. Aliitazama ile sufu nzito, mpya, ya kukaa miaka na miaka, akamtazama aliyeivaa.

"Malizia," Damdin akasema kwa upole. "Ni maneno mazuri."

"Na mwenyewe abaki," Gombosuren akamalizia, machozi yanamtoka.

"Asante. Umesema vizuri." Mzee alipapasa kifua cha joho, mahali palipokuwa laini. "Ila sufu hii itanishinda mwendo, Gombo, wote tunaona. Hongorzul!"

"Naam, baba."

"Nikiliacha, usilifungie sandukuni. Lipunguze, ulivae ukiwa unakwenda kuteka maji. Mabegani hakuna kazi kubwa. Mimi na wewe tumeshakaribiana."

Hongorzul akaelewa kwamba siri ya daktari haikuwa yake peke yake siku zote hizo, na kwamba mzee alikuwa ameibeba kimya ili binti asijue kwamba baba anajua. Siku ile kulia ni mwiko. Mwaka unaoanza kwa machozi hautakiwi. Lakini yalimtoka mbele za watu wote, na hakujificha.

"Nitalipunguza, baba," akasema.

Shangazi Dulmaa akainuka kwa kishindo, akatangaza kwamba jiko linatoa moshi, moshi mbaya kabisa, na kila mtu mle ndani akajipangusa macho na kukubali kwamba jiko linatoa moshi.